Ukuta Uliookolewa na Rangi

Mgeni akifika Berlin na kuuliza ukuta uko wapi, mara nyingi ataelekezwa Mühlenstrasse, upande wa mashariki wa jiji. Anashuka treni kituo cha Ostbahnhof, anatembea dakika chache, na mara anakiona: kipande cha zege chenye urefu wa mita 1,316, kimejaa picha kutoka mwanzo hadi karibu na daraja la Oberbaum. Kinaitwa East Side Gallery. Hakina lango wala tiketi. Kushoto magari yanapita kwa kasi, kulia kuna ukuta, na kwenye njia ya miguu katikati yake kuna umati wa watu walionyanyua simu.

Ukiukaribia, ukuta wenyewe si mrefu kama ulivyoudhania. Kimo chake ni mita 3.6, yaani mtu akisimama mabegani mwa mwenzake anaweza kufikisha mikono juu. Waliousimamisha walilijua hilo, ndiyo maana wakauvika kichwani bomba nene la mviringo ili mkono ukifika usipate pa kukamata. Zege limegawanyika katika vipande vyenye upana wa mita 1.2, kila kimoja na uzito wa karibu tani 2.75, na maungio yake yanaonekana wazi chini ya rangi. Ni mistari iliyonyooka wima, inayokata uso wa mtu, inayokata bawa la njiwa, inayokata neno la amani katikati ya herufi. Wachoraji hawakuwa na namna ya kuikwepa.

Jambo ambalo wageni wengi hulipita bila kulitambua ni kwamba uso huu wenye picha ni uso wa mashariki. Katika miaka 28 ya ukuta hakuna raia aliyethubutu kuupaka chochote. Ulikuwa mweupe, mtupu, na aliyeusogelea alitiliwa shaka. Michoro maarufu ya ukuta wa Berlin tunayoiona katika picha za miaka ya 1980 ilikuwa upande wa magharibi, na karibu yote imekwisha kupotea. Kwa hiyo anayepiga picha Mühlenstrasse akidhani anapiga mabaki ya uasi wa watu waliofungiwa, anapiga kitu kilichochorwa baada ya kufuli kufunguliwa. Hilo haliipunguzii thamani michoro hii. Lakini linabadili swali la kuiuliza.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Ujerumani iligawanywa baina ya Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Wasovieti, na Berlin, ingawa ilikuwa ndani kabisa ya eneo la Wasovieti, nayo ikagawanywa vivyo hivyo. Mwaka 1949 zikazaliwa dola mbili, Ujerumani Magharibi na Ujerumani Mashariki. Mpaka mrefu wa mashambani na misituni ulifungwa mapema, tangu 1952, lakini Berlin ilibaki kama tundu kwenye ua. Mtu wa Mashariki aliyechoka na hali yake alipanda treni ya mjini na begi dogo, ili asishukiwe, akashuka vituo vichache mbele akiwa Magharibi. Hadi kufikia 1961 zaidi ya watu milioni 2.5 walikuwa wameondoka, wengi wao vijana wenye ujuzi: madaktari, wahandisi, mafundi, walimu. Julai ya mwaka huo peke yake waliondoka kama 30,000. Dola haiwezi kutokwa na watu kiasi hicho ikabaki imesimama.

Juni 15, 1961, Walter Ulbricht, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakuna mtu mwenye nia ya kujenga ukuta. Ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za ukuta. Majuma manane baadaye, Jumamosi ya Agosti 12, aliwaalika wakubwa wa serikali katika nyumba ya mapumziko kando ya ziwa Döllnsee. Wakala, wakanywa, na usiku ulipoingia ndipo akawaarifu kwamba mpaka wa Berlin unafungwa usiku huohuo. Utekelezaji ulikuwa mikononi mwa Erich Honecker, ambaye miaka kumi baadaye angeurithi uongozi wenyewe. Askari na wanamgambo wa viwandani walitandaza seng'enge, wakang'oa mawe ya barabarani, wakakata njia za treni. Watu waliamka Jumapili asubuhi wakakuta jiji limekatwa vipande viwili. Jumapili ilichaguliwa kwa makusudi, maana siku ya kazi watu wangekuwa njiani.

Seng'enge ilifuatwa na matofali, matofali yakafuatwa na zege. Bernauer Strasse, mtaa wa kaskazini mwa jiji, ulikuwa na kituko chake. Nyumba zilikuwa Mashariki, njia ya miguu mbele ya milango yake ilikuwa Magharibi. Milango ilipopigiliwa misumari watu wakaanza kuruka kutoka madirishani, wazimamoto wa Magharibi wakitandaza mashuka ya kuwadakia. Ida Siekmann aliruka kutoka ghorofa ya juu Agosti 22 na kufa. Ndiye mtu wa kwanza kuhesabiwa miongoni mwa waliouawa na ukuta. Siku mbili baadaye Günter Litfin alipigwa risasi akiwa majini akiogelea kuvuka. Mwaka uliofuata, Agosti 17, kijana wa miaka 18, Peter Fechter, alipigwa risasi karibu na kituo cha ukaguzi cha Checkpoint Charlie, akaanguka chini ya ukuta upande wa Mashariki, akalala akivuja damu na kuomba msaada kwa karibu saa nzima huku watu wa pande zote mbili wakimsikia. Kwa hesabu ya watafiti, waliokufa kwa sababu ya ukuta huo ni watu wasiopungua 140. Wa mwisho kuuawa kwa risasi alikuwa Chris Gueffroy, miaka 20, Februari 1989. Kama angesubiri miezi tisa angevuka kwa miguu.

Tunaposema ukuta tunakosea kidogo, maana zilikuwa kuta mbili. Ulikuwapo wa mbele uliotazama Magharibi, na wa nyuma uliotazama raia wa Mashariki. Kati yake kulikuwa na ukanda wa mchanga uliosawazishwa vizuri ili kila unyayo uonekane, taa zinazowaka usiku kucha, mbwa wa ulinzi, njia ya magari ya doria na minara. Mfumo mzima uliizunguka Berlin Magharibi kwa kilomita 155, na mwaka 1989 ulikuwa na minara ya ulinzi 302. Mtu wa kawaida wa Mashariki hakuwahi kuuona ukuta wa mbele. Yeye aliujua huu wa nyuma tu, ambao mahali pengi ulikuwa hafifu zaidi.

Lakini Mühlenstrasse haikuwa mahali pa kawaida. Ilikuwa njia ya wakubwa. Marais na mawaziri wakuu waliotua uwanja wa ndege wa Schönefeld walipitishwa hapa kwenda katikati ya jiji. Serikali haikutaka mgeni aone ua wa kuungaunga, kwa hiyo ukuta wa nyuma hapa ulijengwa kwa zege lilelile la daraja la kwanza lililotumika mbele, likapakwa rangi nyeupe. Ukuta huu, basi, ulikuwa pambo kabla haujawa sanaa. Ulipangwa utazamwe na watu waliokaa viti vya nyuma vya magari meusi, dirisha likiwa limefungwa.

Nyuma yake kuna mto Spree, na hapo kuna habari ambayo hakuna mchoro unaoibeba. Katika sehemu hii mpaka haukupita katikati ya maji. Mto wote ulikuwa wa Mashariki hadi kwenye kingo za Kreuzberg, mtaa wa Magharibi uliokaliwa na wafanyakazi maskini na wahamiaji wengi kutoka Uturuki. Watoto wa Kreuzberg walicheza kando ya maji yale kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Mtoto akitumbukia, maji yaliyomchukua yalikuwa ya dola nyingine. Mei 11, 1975, Çetin Mert, aliyekuwa akitimiza miaka mitano siku hiyohiyo, alitumbukia akifuata mpira wake. Wazimamoto wa Magharibi walifika wakasimama ukingoni, kwa sababu kuingia mtoni kungeweza kuwafanya wapigwe risasi. Wapiga mbizi wa Mashariki ndio waliomtoa, akiwa amekwisha kufa. Hakuwa wa kwanza. Tangu 1966 watoto wasiopungua watano, yeye akiwemo, walizama hapo katika mazingira ya namna hiyohiyo. Wakazi wa Kreuzberg waliandamana kwa hasira, na Oktoba 29 mwaka huo pande mbili zikatia saini makubaliano ya kuruhusu uokoaji. Karatasi ya kumtoa mtoto majini iliwachukua miaka tisa.

Kingo hizo zina jina ambalo linamgusa Mwafrika. Ziliitwa Gröbenufer, kwa heshima ya Otto Friedrich von der Gröben, aliyesimamisha ngome ya Wajerumani wa Brandenburg katika pwani ya Ghana ya leo mwaka 1683, ngome iliyofanya biashara ya watumwa. Mwaka 2010 jina likabadilishwa, zikaitwa May-Ayim-Ufer, kumkumbuka mshairi Mjerumani ambaye baba yake alikuwa Mghana. (Ng'ambo nyingine ya jiji, tangu Agosti 2024, sehemu ya mtaa uliokuwa na jina la Petersallee inaitwa Maji-Maji-Allee. Msomaji wa Songea au Kilwa atajua inazungumziwa vita gani.) Mwandishi kutoka kwetu akifika Berlin hutarajiwa azungumzie mkutano wa 1884 na mipaka ya Afrika. Leo nauacha, umekwisha kusemwa sana.

Nitataja jambo lisilosemwa sana, kwamba ukuta huu ulisikika pia kwa Kiswahili. Deutsche Welle ya Ujerumani Magharibi ilianza kutangaza kwa lugha yetu mwaka 1963. Mashariki nao walikuwa na Radio Berlin International, iliyotangaza kwa Kiswahili kutoka jumba la utangazaji lililojengwa kando ya mto huuhuu wa Spree, juu kidogo kutoka hapa. Mwenye redio ya masafa mafupi Tabora, Mombasa au Bujumbura aliweza kuzungusha kitufe jioni moja akawasikia Wajerumani wa namna mbili. Kwa upande mmoja ukuta ulikuwa gereza, kwa upande wa pili ulikuwa kinga dhidi ya mafashisti, na habari zote mbili zilisomwa kwa Kiswahili fasaha.

Mgawanyiko huo ulitufikia kwa njia nyingine pia. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, Ujerumani Mashariki ilikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuitambua serikali mpya ya Zanzibar, nayo ikapata ubalozi kisiwani wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa zikiikwepa. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ilikuwa na sera isiyo na mzaha: nchi ikiwatambua wa Mashariki, isitarajie urafiki wa Magharibi. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulipofanyika Aprili, mzozo ukahamia mezani kwa Rais, Mwalimu Nyerere. Mapema 1965 alikata shauri la katikati, ubalozi wa Zanzibar ufungwe na Mashariki waruhusiwe kuwa na konseli kuu Dar es Salaam. Bonn haikuridhika, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere akawaambia wachukue na msaada mwingine wa serikali yao uliobaki. Wakati huohuo wataalamu wa Mashariki walikuwa wakijenga nyumba za ghorofa Kikwajuni na Kilimani, na mpango wao wa mji ndio uliofuatwa na Mzee Karume, kiongozi wa Zanzibar, katika majumba marefu ya Michenzani. Nchi iliyokuwa ikiwapanga watu wake nyuma ya zege Berlin ilikuwa ikiwapa Wazanzibari nyumba zenye maji ya bomba. Mambo yote mawili ni kweli, na anayetaka kukumbuka moja tu ana haja yake.

Turudi kwenye rangi. Upande wa magharibi ukuta wa mbele ulikuwa rahisi kufikiwa, lakini ulikuwa na mtego. Mstari halisi wa mpaka ulikuwa mita kadhaa mbele ya zege, kwa hiyo mchoraji aliyesimama mguuni pa ukuta alikuwa amesimama katika ardhi ya Mashariki, na ukutani kulikuwa na vilango vya siri ambavyo askari waliweza kutokea. Thierry Noir, Mfaransa aliyehamia Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1980, alianza kuchora ukuta mwaka 1984, na hatari hiyo ndiyo iliyompa mtindo wake wa vichwa vikubwa vya kando, midomo minene, rangi chache, mkono mwepesi, kisha kutoweka. Oktoba 1986 Mmarekani Keith Haring alichora mlolongo mrefu wa watu wekundu na weusi juu ya njano karibu na Checkpoint Charlie, nao ukafunikwa na wengine muda si mrefu. Upande ule hapakuwa na hakimiliki. Novemba ya mwaka huohuo vijana watano waliokuwa wamehama kutoka Mashariki walianza kupiga mstari mmoja mweupe juu ya michoro yote, wakisema kwamba rangi zimewafanya watu wa Magharibi wauzoee ukuta. Siku ya pili askari walitokea kwenye kilango, wakamkamata mmoja wao, na mahakama ya Mashariki ikamfunga.

Vijana wale walisema jambo ambalo bado halijajibiwa Mühlenstrasse.

Alhamisi, Novemba 9, 1989, msemaji wa chama tawala Günter Schabowski aliketi mbele ya waandishi wa habari akiwa na karatasi ambayo hakuwa ameisoma vizuri. Ilikuwa kanuni mpya ya safari, iliyokusudiwa kuanza kesho yake kwa utaratibu wa maombi na mihuri. Karibu saa moja jioni aliulizwa inaanza lini. Alipekua karatasi zake, akajibu kwamba kwa kadiri ajuavyo ni mara moja, bila kuchelewa. Habari zikasomwa kwenye televisheni, watu wakavaa makoti wakaenda mpakani kuhakikisha. Kwenye kituo cha Bornholmer Strasse ofisa Harald Jäger alipiga simu baada ya simu kwa wakubwa wake, hakupata amri ya maana. Aliagizwa awaruhusu wale wenye kelele zaidi, wagongewe muhuri juu ya picha ya kitambulisho ili wasirudi tena. Hilo likazidisha fujo. Ilipokaribia saa tano na nusu usiku akaamua mwenyewe, akafungua. Mpaka uliokuwa na minara 302 uliachiliwa na mtu mmoja aliyechoka kusubiri simu.

Kilichofuata kilienda haraka. Watu walikuja na nyundo na patasi, wenyeji wakawaita vigogota, wakabandua vipande vya rangi na kuviuza njiani. Serikali ya Mashariki, iliyokuwa bado hai lakini haina fedha, nayo ikaona soko, vipande vizima vikapigwa mnada Monaco Juni 1990. Vingine vilikwenda New York katika viwanja vya Umoja wa Mataifa, kingine kikafika Cape Town baada ya Nelson Mandela kuzuru Ujerumani mwaka 1996. Vilivyobaki vilisagwa vikawa kokoto za barabara. Wakazi wa Berlin wengi hawakutaka kuona hata tofali, na hilo linaeleweka. Ndiyo maana leo mtu akisema ukuta wa Berlin, kinachobaki cha kuonyesha ni kidogo mno.

Mühlenstrasse ilisalimika kwa sababu ya brashi. Mwanzoni mwa 1990 wasanii wa pande mbili walipata wazo la kuugeuza ukuta wa nyuma kuwa maonyesho, na kuanzia Februari wakaanza kuja, 118 kutoka nchi 21. Walichora picha 106, wengi wakitumia rangi walizozipata, kwa baridi na mvua, magari yakipita nyuma ya migongo yao. Maonyesho yalizinduliwa Septemba 28, 1990, siku tano tu kabla Ujerumani Mashariki haijafutika kwenye ramani. Radio Berlin International, pamoja na idhaa yake ya Kiswahili, ilizimwa Oktoba 2. Mwaka uliofuata ukuta ukawekwa katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Bila picha, nadhani usingefika huko. Nani angepigania zege jeupe?

Picha inayokusanya watu wengi kuliko zote ni ya Dmitri Vrubel, aliyekuja kutoka Moscow. Inawaonyesha Leonid Brezhnev na Erich Honecker wakibusiana midomoni, na maneno ya kumwomba Mungu amwokoe mtu na mapenzi yanayoua. Hakuibuni. Aliichukua kwenye picha iliyopigwa na Régis Bossu mwaka 1979, Mashariki ilipotimiza miaka 30. Karibu yake unalikuta gari dogo la Trabant la Birgit Kinder likipasua ukuta, namba yake ya usajili ikiwa tarehe ya Novemba 9. Ukienda karibu kabisa na Trabant hiyo unaona majina ya wapenzi kutoka kila pembe ya dunia yameandikwa kwa maka peni juu ya boneti, juu ya taa, hata ndani ya namba, na chini yake madoa ya mahali ambapo majina ya mwaka jana yalisuguliwa yakatoka nusu.

Mimi picha iliyonishika zaidi ni ya Kani Alavi, mzaliwa wa Iran, aliyeutazama umati wa Novemba kutoka dirisha la nyumba yake karibu na Checkpoint Charlie. Amechora ukuta uliopasuka na nyuso zikimiminika kama maji. Nyuso hizo si zote zinazocheka. Nyingine zina furaha, nyingine zina woga, nyingine zinaonekana kama mtu aliyeamshwa usingizini akaambiwa nyumba si yake tena. Kati ya kazi ambazo zimejaa njiwa na mioyo, na kusema kweli nyingi ni dhaifu, hii inamkumbuka binadamu. Ya Günther Schäfer, iliyoweka nyota ya Daudi juu ya rangi za bendera ya Ujerumani, imeharibiwa mara nyingi na kurudishwa mara nyingi, na kila uharibifu umekuwa kama sehemu ya kazi yenyewe.

Zege halikutengenezwa likae milele. Maji yaliingia, vyuma vya ndani vikaota kutu, vikavimba, uso ukabanduka pamoja na rangi. Mwaka 2009, ukikaribia mwaka wa 20 tangu kuanguka kwa ukuta, uamuzi ulikuwa mkali: michoro yote iondolewe, zege litengenezwe, lipakwe nyeupe tena, kisha wachoraji waitwe wachore upya walichochora 1990. Walipewa euro 3,000 kila mmoja. Wengi walikuja, wengine wakakataa, wakidai malipo ni madogo na kwamba kazi zao zimefutwa bila ridhaa. Kwa hiyo busu unalopiga picha leo si lile la 1990. Ni la 2009, la mkono uleule lakini rangi bora na mistari iliyotulia zaidi. Kwa wiki kadhaa mwaka huo ukuta wa Mühlenstrasse ulirudi kuwa mweupe kama enzi za misafara ya wakubwa, na wapita njia hawakusimama kuutazama.

Umekatwa pia, na si na maadui. Mwaka 2006 zaidi ya mita 40 ziliondolewa ili ukumbi mkubwa wa michezo na matamasha uliokuwa ukijengwa ng'ambo ya barabara upate njia ya kufika mtoni. Mwaka 2013 mwekezaji wa jumba refu la makazi katika ukanda uleule walimouawa watu alitaka njia yake. Maelfu waliandamana. Machi 17 alikuja hata David Hasselhoff, yule wa Knight Rider, ambaye mkesha wa mwaka mpya mwishoni mwa 1989 aliimba juu ya ukuta akiwa amening'inizwa kwenye kreni na koti lenye taa. Alipanda juu ya gari akazungumza, akaimba kidogo. Siku kumi baadaye, alfajiri, wafanyakazi walikuja wakilindwa na polisi wakang'oa vipande vinne. Jumba lipo, jeupe, lenye ghorofa 14 na roshani zinazotazama maji, na nyumba zake si za mtu wa kipato cha kawaida.

Baada ya fedheha hiyo jiji lilikabidhi ukuta kwa Wakfu wa Ukuta wa Berlin mwaka 2018, taasisi ileile inayotunza kumbukumbu ya Bernauer Strasse. Hapo Bernauer wamefanya kinyume. Hakuna michoro. Kuna zege la kijivu, nondo zenye kutu zinazoonyesha ukuta ulipopita, mnara mmoja, na picha za waliokufa zikiwa zimepangwa kwa majina na tarehe. Kanisa lililokuwa ndani ya ukanda wa mauti lililipuliwa na serikali ya Mashariki Januari 1985, na mahali pake sasa pana kanisa dogo la udongo ulioshindiliwa, lililofunguliwa mwaka 2000. Mtu mwenye siku moja tu Berlin angeanzia huko, kisha ndipo aje Mühlenstrasse. Akianza na huku anaweza kurudi nyumbani akidhani ukuta ulikuwa jambo la furaha.

Wakfu una kazi ambayo rangi haiwezi kuifanya yenyewe. Zege linaendelea kuota kutu, maka peni zinaendelea kuandika, na matengenezo makubwa mengine yatakuja tu. Mwaka 2009 jibu lilikuwa kuwaita wenye kazi zao. Lakini wachoraji wa 1990 wamezeeka, na baadhi wamekufa. Vrubel alifariki Berlin Agosti 2022. Rangi ya busu ikibanduka tena, mwenye mkono ule hatakuwapo, na watu wa Berlin watalazimika kuamua kama mtu mwingine alichore badala yake, au zege libaki na kovu lake, au lirudishiwe weupe wa zamani.